Ninakomunika kila Jumapili lakini sibadiliki: je, niache?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Nimekuwa nikikomunika tangu utotoni, na Misa ya Jumapili siikosi bila sababu. Lakini nikisema ukweli, sihisi kitu. Napokea, narudi kwenye benchi, nafumba macho, na mawazo yanarudi nyumbani. Wifi yangu tunasali naye parokia moja, na tangu mama alipougua hatusemezani vizuri kwa sababu ya nani anamhudumia zaidi. Juzi nimesoma maneno ya Mtume Paulo kwamba anayekula bila kustahili anakula hukumu yake mwenyewe. Nimeogopa sana. Je, niache kukomunika mpaka moyo wangu utulie? Na kama Ekaristi ni Yesu kweli, mbona Jumatatu mimi ni yuleyule? Mama naye hawezi tena kuja kanisani, na anaulizia Komunyo.

JIBU: Milele na milele, amina.

Dada yangu, usiache. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni kinachokuzuia kuipokea Ekaristi, ila naona jambo moja unalopaswa kulishughulikia, nalo si lile la kutokuhisi kitu. Nitalifikia.

Maneno yaliyokutisha yamo katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11. Paulo aliiandika yapata mwaka 55, na simulizi la Karamu ya Mwisho lililomo humo ni la kale kuliko yale ya Injili. Watu wengi huchukua mstari wa 29 peke yake, wakausoma kama tishio lililobandikwa mlangoni. Rudi nyuma mpaka mstari wa 17 uone kilichomkasirisha Paulo. Wakristo wa Korintho walikutana nyumbani kwa mtu, wakala chakula pamoja, kisha wakaumega mkate wa Bwana. Wenye uwezo walitangulia kula vyao. Walipofikia kumega mkate, mmoja alikuwa amelewa na mwingine ana njaa, na wasio na kitu walibaki wanaona haya. Paulo anawauliza: hamna nyumba za kulia na kunywea, au mnalidharau Kanisa la Mungu? Ndipo anapoleta neno la hukumu, kwa mtu anayekula bila kuupambanua mwili. Na dawa anayowapa mwishoni mwa sura ni fupi ajabu: mkikutana kula, ngojaneni.

Kwa hiyo kuupambanua mwili kuna pande mbili, na Kanisa halijawahi kuachia hata mmoja. Kwanza, kutambua kwamba unachokipokea si mkate wa kawaida, maana Paulo amesema wazi kwamba anayekula isivyostahili amekosa juu ya mwili na damu ya Bwana. Pili, kutambua kwamba anayesimama mbele yako kwenye foleni ni kiungo cha mwili huohuo. Sura moja kabla ya hapo ameshaandika kwamba kwa kuwa mkate ni mmoja, sisi tulio wengi tu mwili mmoja. Hukumu ya Korintho ilitokana na watu kuukiri mwili mezani na kuudharau katika jirani, wala hakuna aliyelaumiwa kwa kukosa hisia.

Sasa, kustahili. Kama kustahili kungekuwa na maana ya kutokuwa na kasoro, hakuna ambaye angekomunika, na mimi ninayeadhimisha Misa ningekuwa wa kwanza kukaa pembeni. Sekunde chache kabla ya kupokea, sote, padre na waamini, tunasema kwa sauti kwamba hatustahili: "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu, na roho yangu itapona." Maneno hayo yametokana na yule akida wa Kirumi aliyemwombea mtumishi wake. Huwezi kukiri hivyo halafu ukajizuia kwa sababu hustahili.

Kinachomzuia Mkatoliki kukomunika ni dhambi ya mauti ambayo hajaiungama. Na dhambi ya mauti haimpati mtu kwa bahati mbaya: jambo lenyewe liwe zito, ulijue hivyo, na uliridhie kwa hiari yako. Vyote vitatu kwa pamoja. Mwenye dhambi ya namna hiyo apite kwanza kwenye Sakramenti ya Kitubio. Ndiyo sheria ya Kanisa, kanuni ya 916. Madhaifu ya kila siku, kama vile uvivu wa kusali, maneno makali au mawazo yanayozurura, hayo Ekaristi yenyewe huyafuta. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inalisema katika namba 1394: kama chakula kinavyorudisha nguvu zilizopotea, ndivyo Ekaristi inavyotia nguvu upendo uliodhoofika, na upendo huo hufuta dhambi ndogo. Ukiiacha kwa sababu ya udhaifu, umeiacha dawa kwa sababu unaumwa.

Hofu yako si ngeni. Kufikia mwaka 1215 waamini walikuwa wameshaacha kukomunika kiasi kwamba Mtaguso wa nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliwaamuru wapokee angalau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka. Karne ya 17 hofu ikapewa hoja za kitaalamu. Mwaka 1643 mwanateolojia Mfaransa Antoine Arnauld aliandika kitabu kizima kuhusu kukomunika mara kwa mara, akidai maandalizi mazito mno. Na wale wa mrengo wake, walioitwa Wajanseni, waliwafanya watu wema waiogope altare kwa vizazi. Mwisho wake ulikuja tarehe 20 Desemba 1905, Papa Pio wa Kumi alipoidhinisha waraka uliosema kwamba mwamini yeyote anaweza kukomunika hata kila siku akiwa na mambo mawili: hali ya neema, yaani hana dhambi ya mauti, na nia njema. Miaka mitano baadaye akawafungulia mlango watoto wenye umri wa kuanza kupambanua, yaani karibu na miaka saba.

Hiyo nia njema waraka uliieleza, na hapo ndipo ningependa ujipime. Mtu asiende kwa mazoea, wala kwa majivuno, wala kwa kuogopa macho ya watu. Aende kwa kuwa anataka kumpendeza Mungu, kuungana naye zaidi kwa upendo, na kutibiwa udhaifu wake. Kuna Jumapili tunapanga foleni kwa sababu benchi zima limesimama, na kubaki umekaa kutaleta minong'ono. Tusidanganyane, hata mapadre tunalijua hilo. Lakini dawa ya mazoea ni kuitengeneza nia kabla ya kwenda, tena kwa sentensi moja tu ukiwa njiani kuelekea kanisani. Kuacha kupokea hakutibu mazoea.

Tuje kwenye kutokuhisi kitu.

Imani ya Kanisa ni kwamba padre anapotamka maneno ya Kristo juu ya mkate na divai, dhati (yaani kiini) ya mkate na dhati ya divai hugeuka kuwa Mwili na Damu ya Kristo, maumbo yanabaki. Mtaguso wa Trento ulilifafanua mwaka 1551, ukiita badiliko hilo mageuzo. Maumbo maana yake rangi, ladha, uzito, harufu, vyote vinavyoingia katika milango mitano ya fahamu. Fikiri maana yake ni nini. Kristo amechagua kuwapo kwa namna ambayo macho, pua na ulimi haviwezi kumfikia. Sasa kama ulimi wako unaonja mkate tu, na moyo wako haupigi kwa kasi, umepungukiwa na nini? Imani hapa inasimama juu ya neno la aliyesema "huu ndio mwili wangu," basi. Hisia zikija ni zawadi, mshukuru Mungu. Zisipokuja, Kristo hajapungua kuwapo.

Kwenye sura ya sita ya Injili ya Yohane, Yesu aliposema mwili wake ni chakula cha kweli, wanafunzi wengi walilalamika kwamba neno hilo ni gumu, wakamwacha. Hakuwakimbilia kuwaambia wamemwelewa vibaya. Aliwageukia wale Kumi na Wawili akawauliza kama nao wanataka kuondoka. Jibu la Petro halina hisia tamu hata kidogo: twende kwa nani? Ni jibu la mtu ambaye hajaelewa yote, ila amekwishajua hana pengine pa kwenda. Mtu anaweza kukomunika vizuri kabisa kwa imani ya namna hiyo. Mama Teresa wa Calcutta alikaa miaka mingi mno katika giza la ndani, bila kuhisi uwepo wa Mungu. Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 ziliwashtua wengi. Na miaka yote hiyo alihudhuria Misa kila siku, akapiga magoti mbele ya Sakramenti Takatifu, kisha akaenda kuwaosha wanaokufa.

Hata hivyo kutokuhisi na kutokuwa makini ni vitu viwili. Hilo la kurudi kwenye benchi ukaanza kuwaza ya nyumbani lina tiba, na mimi huwashauri watu wayaweke hayo ya nyumbani mahali pake, ambapo ni mapema zaidi ndani ya Misa. Wakati wa matoleo, mtazame padre. Anamimina divai kwenye kikombe, halafu anaongeza tone la maji, huku akisali kimyakimya kwamba tuushiriki umungu wake yeye aliyekubali kuushiriki ubinadamu wetu. Tone lile likishaingia huwezi kulitoa tena. Hapo ndipo pa kuweka ugonjwa wa mama, uchovu wako, na hata jina la wifi yako. Sema kimoyomoyo: haya ndiyo niliyokuja nayo. Wengi huutumia muda huo kutafuta sarafu mkobani, kisha mambo yaleyale yanawavamia baada ya Komunyo kwa sababu hayakupata nafasi yake.

Halafu kuna lile neno "Amina." Padre anainua hostia, ule mkate mwembamba, anasema "Mwili wa Kristo," nawe unaitika. Agostino, askofu wa Hippo, aliwahubiria wabatizwa wapya kuhusu neno hilo hilo. Aliwaambia kwamba ninyi ni mwili wa Kristo na viungo vyake, kwa hiyo fumbo lenu wenyewe ndilo lililowekwa mezani. Mnaitikia Amina kwa jinsi mlivyo, basi muwe kiungo cha mwili wa Kristo ili Amina yenu iwe ya kweli. Kwa hiyo unapoitika unakubali kwa mpigo mmoja kwamba huyu ni Kristo, na kwamba wote waliomo kwenye foleni hii ni wake. Wifi yako akiwemo.

Baada ya kupokea, kaa. Kanisa linafundisha kwamba Kristo yumo katika Ekaristi kwa muda wote ambao maumbo ya mkate na divai yapo, hivyo dakika zile chache ndizo za thamani kuliko zote za wiki yako. Siwaelewi wanaopokea kisha wakapitiliza mlangoni kuwahi usafiri, na sitajifanya nawaelewa. Huna haja ya maneno mengi. Msimulie mambo mawili matatu, unyamaze.

Umeuliza mbona Jumatatu wewe ni yuleyule. Nakujibu kwa swali: unajuaje? Hujui ungekuwa nani bila Jumapili zote hizo. Neema haipigi kelele. Na kingine: Injili ya Luka inasimulia kwamba pale mezani penyewe, mara tu baada ya Yesu kuwapa mkate na kikombe, mitume walianza kubishana ni nani kati yao aliye mkubwa. Midomo haijakauka! Usiku huohuo Petro alimkana, wengine wakakimbia. Hao ndio waliokomunika wa kwanza kabisa, na aliyewapa alikuwa Kristo mwenyewe kwa mkono wake. Kama Ekaristi ingekuwa kitu cha kumbadilisha mtu papo hapo bila yeye kushiriki, isingeshindwa usiku ule. Iliwabadilisha, lakini kwa miaka, na kwa kuwarudisha mezani tena na tena.

Ila Wakristo wa mwanzo walijua pia kwamba meza hii lazima itoke nje ya mlango. Yustino, aliyeuawa shahidi baadaye, alimwandikia kaisari huko Roma yapata mwaka 155 kumweleza Wakristo wanafanya nini Jumapili: wanasoma maandiko ya mitume na manabii, anayeongoza anahubiri, wanasali, wanaleta mkate na divai na maji, watu wanaitika Amina, wanapokea. Ni Misa yetu, karibu yote. Lakini hakuishia hapo. Anasema mashemasi huwapelekea wasiokuwepo, na wenye nacho hutoa wanachotaka, kikawekwa kwa anayeongoza ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Yohane Krisostomo naye, mhubiri mashuhuri wa mwishoni mwa karne ya nne, aliwaambia waamini wasimheshimu Kristo kanisani kwa hariri huku wakimwacha nje akitetemeka kwa baridi bila nguo, kwa sababu aliyesema "huu ni mwili wangu" ndiye yuleyule aliyesema "nilikuwa na njaa msinipe chakula."

Wewe una mgonjwa nyumbani. Unaponyanyuka usiku kumgeuza mama yako upande wa pili, unafanya jambo ambalo Yustino angelitaja katika maelezo yake ya Jumapili. Wengi hutafuta matunda ya Ekaristi kwenye machozi ya kusali, wakati yamo mikononi mwao na hawayatambui.

Sasa lile jambo moja. Kuumizwa na wifi si dhambi ya mauti. Kukasirika kwa sababu mzigo haugawanywi kwa haki si chuki. Katekisimu inakiri, namba 2843, kwamba kutokuhisi kosa tena au kulisahau hakuko katika uwezo wetu. Kwa hiyo usingoje moyo utulie ndipo ukomunike. Pengine utangoja mpaka mama aondoke, na huo utakuwa msiba juu ya msiba. Mambo yangekuwa mengine kama ungekuwa unamtakia mabaya kwa makusudi, au umeapa kutomsamehe. Hapo ningekuambia uanzie kwenye kiti cha kitubio. Lakini Yesu, kwenye Mathayo 5, anakwenda hatua moja mbele: ukileta sadaka altareni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, nenda kwanza ukapatane naye. Angalia vizuri, ni yeye aliye na neno juu yako. Hajakuruhusu kukokotoa nani alianza. Huenda wifi yako naye anahesabu usiku wake kama wewe unavyohesabu wako.

Usimtumie ujumbe mrefu. Ujumbe mrefu wa simu katika ugomvi wa familia haujawahi kumaliza kitu. Mtafute ana kwa ana, umuulize jambo moja dogo linalohusu mama: dawa ipi imekwisha, nani atakuwepo lini. Mambo ya lawama yaache kwanza. Akikujibu vibaya, wewe umekwishafanya ulichoambiwa, na Jumapili unaweza kusimama kwenye foleni bila woga hata kama ninyi wawili bado hamjawa marafiki. Na ukiungama, usiseme kwa jumla tu kwamba huna upendo. Sema ulichosema juu yake, na kwa nani ulikisema. Hapo padre atakuwa na pa kukusaidia.

Kuhusu mama. Mwambie paroko wako wiki hii, usisubiri hali iwe mbaya. Komunyo inaweza kuletwa nyumbani na padre, shemasi au mhudumu wa Ekaristi aliyeruhusiwa. Ila Mpako wa Wagonjwa na kitubio ni kwa padre tu, kwa hiyo omba padre aje mwanzoni. Kufunga saa moja kabla ya kupokea, ambako sisi wengine tunakushika, hakumhusu mgonjwa wala mzee, na sheria inawaachilia pia wale wanaowahudumia, yaani wewe na wifi yako. Kama hawezi kumeza vizuri, mweleze mhudumu mapema: hostia inaweza kukatwa kipande kidogo sana na kupewa pamoja na maji, na asiyeweza kabisa kitu kigumu anaweza kupewa Damu ya Kristo peke yake, jambo ambalo padre anahitaji kuliandaa. Na ikitokea yupo katika hatari ya kufa, anaweza kupokea tena hata kama alishapokea siku hiyohiyo. Kanisa huiita Komunyo hiyo masurufu ya safari.

Tandika kitambaa safi juu ya meza ndogo karibu na kitanda, weka mshumaa na maji ya kunywa, zima redio na simu. Wanaomhudumia mgonjwa wanaweza kukomunika pamoja naye katika ibada hiyohiyo, mkimjulisha mhudumu idadi yenu ili aje na hostia za kutosha. Kabla hujapanga siku na paroko, muulize wifi yako ni siku gani atakuwepo.